Migongo Sita ya Waheshimiwa

Palikuwa na nchi, na kama leo haipo basi huenda imebadilisha bendera tu, ambayo jina lake nimelisahau kwa sababu za kiafya. Ilikuwa nchi njema kabisa. Ilikuwa na mito, milima, Rais mmoja wa muda mrefu, na Wizara ya Staha, Stara na Mavazi iliyokaa kwenye jengo la ghorofa tisa. Wizara ya Maji ilipanga chumba kimoja nyuma ya kituo cha mafuta, lakini hilo halikumuudhi mtu, kwa kuwa hata maji yenyewe hayakuwa yakifika ofisini.

Ndani ya nchi hiyo aliishi fundi cherehani ambaye hakuruhusiwa kushona. Aliitwa Mwajabu Ngwale, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mwembamba, mwenye macho makali na ulimi ulionyamaza muda mrefu kwa makusudi. Sheria ilimkataza kugusa kitambaa chochote isipokuwa kile alichovaa. Kufua aliruhusiwa, mradi nguo zisizidi tatu kwa pamoja, na kila Jumamosi mjumbe wa mtaa alipita kuhesabu kamba yake. Pazia hakuwa nalo. Dirisha aliliziba kwa bati. Wala hakuna aliyeruhusiwa kumwita Bibi, Mama au Shangazi. Barua za serikali zilimwita Mhalifu wa Uchi Namba Moja, na watoto wa mtaani, ambao hawana adabu lakini wana kumbukumbu, wakafupisha wakamwita Namba Moja.

Kosa lake lilikuwa kuonekana kwenye filamu ya watu walio uchi. Yeye mwenyewe, ndani ya filamu hiyo, alikuwa amevaa gauni la mikono mirefu, kilemba, soksi na viatu vya kufunga kamba. Naona umekunja uso. Kunjua, nitaeleza. Serikali ilieleza vizuri zaidi yangu, lakini ilitumia kurasa mia nne.

*

Miaka arobaini na moja nyuma, nchi ikiwa bado inanukia rangi mpya, alishuka mgeni kutoka ng'ambo aitwaye Bwana Gasto. Alikuwa na kaptula, kamera moja iliyofungwa kwa waya, na barua tatu za utambulisho alizojiandikia mwenyewe. Huko kwao palikuwa na biashara ya filamu za watu wanaoishi bila nguo. Sheria zao zilizikataza, isipokuwa ziwe za elimu. Basi kila filamu ilianza na mtu mwenye koti jeupe akieleza faida za jua kwa dakika mbili, kisha ikafuata saa nzima ya watu kucheza mpira wa wavu kama walivyozaliwa. Bwana Gasto hakuwa na uwezo wa kuwalipa waigizaji wa kwao. Ndiyo maana akaja kutafuta wa bure.

Akaiambia Wizara ya Afya na Maendeleo kwamba anatengeneza filamu ya sayansi, jina lake *Afya Bila Vifungo*. Wizara ikamuuliza swali moja tu: je, nchi jirani wameshatengeneza ya namna hiyo? Akajibu bado. Basi! Siku ileile likatoka agizo kwamba makadeti kumi na mmoja wa Chuo cha Utawala wapelekwe kwenye shamba la majaribio ya kilimo, wakavue nguo kwa ajili ya taifa.

Mkataba wa Bwana Gasto ulidai kila filamu iwe na mtunza mavazi. Mwajabu, wakati huo binti wa miaka ishirini na miwili, ndiye aliyekuwa akishona sare za chuo kile, na migongo ya makadeti wote aliijua kwa futi na kwa kiganja. Aliyemshawishi aende ni kadeti mmoja, Yusto Kapalata, aliyekuwa akila wali kwa mama yake Mwajabu kila Ijumaa na kuongezewa, na kumwita mama huyo "mama" mdomo ukiwa umejaa.

"Nitatunza mavazi gani, kaka Yusto, ikiwa hawavai kitu?"

"Yale watakayovua," alisema Yusto. "Hii kazi ya serikali, dada. Ina heshima."

Walipiga picha siku nne. Kwa kuwa sheria za kwao Bwana Gasto hazikuruhusu mbele, alipiga nyuma tu. Aliyelazimika kugeuka alipewa kitu cha kujizibia: ungo, mkungu wa ndizi, au gazeti la chama, na gazeti lilishikwa picha ya Rais ikitazama nje, kwa heshima. Makadeti waliona haya, wakafanya harakaharaka wakakimbilia suruali zao. Isipokuwa Yusto. Yusto aliomba arudiwe. "Hapo sikutoka vizuri," alisema, akarudi nyuma ya mstari, akaruka tena kuupiga mpira, huku akichungulia kwa pembe ya jicho kama kamera imemfuata. Alirudiwa mara saba.

Siku ya nne ulivuma upepo, suruali zikapeperuka. Mwajabu akazikimbilia, akapita mbele ya kamera amekumbatia suruali saba, akaigeukia akitafuta ya nane. Ilikuwa sekunde tano tu. Lakini huo ndio uso pekee unaoonekana sawasawa katika filamu nzima, ukiacha wa yule mwenye koti jeupe, ambaye alikuwa Bwana Gasto mwenyewe, na kufikia kesi alishapanda ndege zamani.

*

Filamu ilionyeshwa wiki mbili kwenye sinema kubwa ya mji mkuu. Serikali nzima ilikwenda kuelimika, na wengine walielimika mara tatu. Kisha gazeti moja la ng'ambo likacheka, Rais akasikia kwamba amechekwa, na kulipokucha hapakuwa na mtu nchini aliyewahi kuiona.

Ilibidi apatikane mtu. Projekta ikafungwa mahakamani, hakimu akaitazama filamu kwa macho ya kiserikali mara nne, akatoa uamuzi ulioingia vitabuni: "Mgongo si mtu. Mtu ni uso. Katika filamu hii mahakama imeona migongo mingi, na mtu mmoja." Mtu huyo mmoja alikuwa kizimbani, na gauni lake lilelile.

Kadeti Kapalata aliitwa kuwa shahidi wa serikali. Aliulizwa kama anamfahamu mshtakiwa.

"Simfahamu," alisema, amenyooka kama mlingoti wa bendera. "Ila ukimtazama tu unaona hana malezi."

Aliyemlea Mwajabu alikuwa ameketi benchi la tatu. Ijumaa ya juzi yake tu alikuwa amempakulia kijana huyu nyama zote za mchuzi.

Ikawa miaka mitatu, bila faini. Mwaka wa pili mama akafariki. Mwajabu hakuomba kwenda kuzika, alijua hatapewa. Aliomba aletewe sanda gerezani aikate na kuishona, kazi isiyofika nusu saa kwa mkono wake. Ombi likarudishwa na muhuri: sanda ni kitambaa. Mama akazikwa kwa sanda iliyokatwa na mtu baki, na waliokuwepo walisema ilikuwa fupi. Mwajabu alipoambiwa hivyo hakulia mbele ya watu. Alikichukua kitabu pekee kilichokuwa gerezani humo, Mkusanyo wa Sheria za Staha, akaanza ukurasa wa kwanza. Alipotoka, hapakuwa na wakili nchini aliyekijua kuliko yeye, na alijua jambo moja zaidi: kwamba anamtaka Yusto Kapalata alipe, na kwamba anaweza kungoja.

*

Akangoja. Kapalata akapanda. Akawa katibu tarafa, akawa mkuu wa mkoa, akawa Mheshimiwa Waziri wa Staha, Stara na Mavazi, mwenye kitambi cha daraja la kwanza na picha yake ukutani katika kila duka la nguo. Wenzake watano wa mpira wa wavu nao wakawa mawaziri. Wawili walipewa ubalozi, na watatu walikufa, jambo ambalo gazeti la serikali liliripoti karibu kwa maneno yaleyale.

Kilichomkera Waziri Kapalata ni wanawake wa mabonde ya mpunga. Hao wakilima, khanga huteremka, mgongo ukabaki wazi. Maofisa wa Staha waliwapiga picha kwa nyuma kwa bidii kubwa, lakini mahakama ikawaachia wote kwa sababu ya ule uamuzi wa zamani kwamba mgongo si mtu. Waziri akapeleka muswada, na usiku wa kuupitisha akahutubia redioni.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Kwa miaka arobaini mgongo umejificha nyuma ya mwenyewe! Leo tumeutoa mbele! Kuanzia sasa mgongo ni mtu kamili, mwenye wajibu wote wa mtu, isipokuwa haki ya kupiga kura! Sheria hii haina upenyo hata wa kupitisha sindano! Haitazami cheo, haitazami sababu, na haina tarehe ya kuanzia. Inarudi mpaka siku ya Uhuru, na kabla ya hapo ikibidi!"

Mwajabu alimsikiliza kwenye redio ya jirani, kupitia ukuta. Aliposikia hakuna upenyo hata wa sindano, alitikisa kichwa kama fundi anayeona kazi safi ya fundi mwenzake.

Kwa kifupi sheria ilikuwa hivi. Atakayeonekana na watu bila nguo mgongoni, miaka mitatu. Atakayetuhumiwa kwa picha, mgongo wake utalinganishwa na picha hiyo kwenye uwanja wa taifa, ama katika chumba cha faragha, ama peupe uwanjani akitaka mwenyewe. Atakayekataa kulinganishwa, amekiri. Ndani ya miezi miwili wanawake tisini walikuwa gerezani: wakulima, wauza mkaa, na mkunga mmoja aliyepigwa picha akioga mtoni. Wote walichagua chumba, bila shaka. Nani angechagua uwanja?

Kisha Wizara ikatangaza Mwaka wa Staha na kutoa kitabu kipya cha darasa la tatu. Ukurasa wa saba ulikuwa na picha ya Mwajabu amekumbatia suruali, na chini yake swali: *Huyu ni nani?* Na jibu: *Huyu ni mwanamke mbaya. Tusiwe kama yeye.* Watoto wa mtaa mzima walikiimba kitabu hicho kwa sauti moja mchana kutwa, kwa sababu ndivyo wanavyofundishwa kusoma.

Siku tatu Mwajabu alikaa ndani akiwasikiliza. Akiendelea kukaa, watu ambao hawajazaliwa watamwimba hivyohivyo baada ya yeye kuzikwa, na jina la mama yake, aliyedaiwa kutomlea, litakwenda nalo. Siku ya nne alitafuta karatasi na kalamu. Vitu hivyo havikuwa kitambaa.

*

"Unamshtaki nani, Namba Moja?" aliuliza karani wa mahakama.

"Migongo sita."

"Ya akina nani?"

"Mgongo sasa ni mtu, mwanangu. Ishtaki yenyewe, wenye nayo watajitokeza. Kielelezo ni filamu, mnayo stoo."

Walikuwa nayo, na ilikuwa nzima kabisa, maana mahakimu walikuwa wakiikagua kila mwaka kwa hofu isije ikaharibika. Shauri likamwangukia Hakimu Chitemo, mtu aliyekuwa na ugonjwa wa kuogopa maandishi. Kitu kikishaandikwa, Chitemo alikitii, hata kama ni tangazo la dukani. Alisoma malalamiko akitetemeka, mpaka akafika mstari wa mwisho, ulioandikwa kwa mwandiko mzuri zaidi: *Naomba Waheshimiwa wapewe chumba cha faragha, kwa kuwa ni wazee, na miili yao haifai tena kutazamwa.*

Kesho yake saa nne asubuhi gari lenye mapazia lilisimama mlangoni kwa Mwajabu. Akateremka Waziri Kapalata peke yake, akaingia, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Mwajabu hakumpa hata maji ya kunywa. Mgeni hata akiwa adui hupewa maji, na Kapalata alilitambua hilo, jasho likaanza kumtoka.

"Mwajabu, dada yangu."

"Hunifahamu," alisema Mwajabu. "Imeandikwa."

"Tulikuwa vijana. Walinitisha, ningefanyaje? Sasa sema unachotaka. Picha ya kitabuni nitaitoa. Cherehani nitakuletea, ya umeme."

"Nataka uende redioni useme ulikula kwa mama yangu. Useme ulinifahamu, ukadanganya. Basi. Karatasi yangu naichana hapohapo."

Kapalata alicheka kicheko cha mtu aliyeng'atwa na siafu mahali pasipotajika. "Kusema hivyo ni kujivua nguo mbele ya taifa!"

"Kama huwezi, basi. Mimi nimeshakuombea chumba." Akamtazama kuanzia kidevuni, akateremka taratibu, akakaa kidogo kwenye kitambi, kisha akaangalia pembeni kwa huruma. "Kwa hali uliyofikia, Mheshimiwa, nimeona tukusitiri tu."

"Hali gani?"

"Ah, tuyaache."

"Hali gani, Mwajabu?"

"Wakati ule ulikuwa na mgongo. Wenzako wote hawakuwa nao, wewe ulikuwa nao. Lakini miaka haina adabu. Watu wakiuona leo watasema nini? Nenda chumbani, kaka. Funga na mlango."

Mwajabu alikuwa amewapima wanaume kwa miaka, na fundi hujua kitu ambacho hata wake zao hawakijui: nani huingiza tumbo ndani futi ikimfikia kiunoni. Kapalata aliondoka amekasirika mpaka akasahau kofia. Siku hiyohiyo, saa saba, redio ilikatisha taarifa ya mafuriko.

"Chumba?" alinguruma Waziri. "Mimi nifichwe? Mimi ambaye nimesimama wazi mbele yenu miaka thelathini? Anayeomba chumba ana la kuficha! Nitauonyesha mgongo huu kwa taifa zima, peupe, na wenzangu wote watafanya vivyo hivyo, kama picha ilivyo, na bendi ya polisi itapiga!"

Wenzake watano walizimia kidogo, kila mmoja ofisini kwake. Lakini nani angebaki chumbani wakati Kapalata yuko uwanjani? Anayeomba chumba ana la kuficha, ilishasemwa redioni.

*

Siku ya kulinganisha migongo shule zilifungwa, na watoto wakaletwa kwa malori na vijibendera. Wizara ilipeleka kamera nne. Upande wa jua walijaa waume na dada na mama za wale wanawake tisini, wamenyamaza, wamevaa vizuri. Mwajabu alipewa kiti cha mlalamikaji, katikati ya uwanja, karibu na meza ya Hakimu Chitemo. Mikono yake alikuwa ameikunja mapajani, na mtu angedhani ni bibi aliyekuja kutazama gwaride.

Filamu ikaonyeshwa kwanza kwenye ukuta uliopakwa chokaa, ndani ya banda la turubai, hakimu na karani na mlalamikaji wakitazama. Mpira wa wavu. Ungo. Mkungu wa ndizi. Kijana mmoja akaruka, akaruka tena, akaruka tena. Kisha ikapita sura ya msichana amekumbatia suruali, akiwa na wasiwasi kwamba atapoteza mali ya watu. Mwajabu alikuwa hajaiona filamu hiyo tangu kesi. Hasira ilimpanda upya, ya moto kabisa, akaimeza.

Bendi ikapiga. Waheshimiwa sita wakatoka vyumba vya wachezaji wamevaa majoho, wakapanga mstari, wakawapa wananchi mgongo, na majoho yakaanguka. Watano walifumba macho. Kapalata alikunja misuli.

Uwanja mzima ukashusha pumzi. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Mwajabu akainuka. Alipita nyuma yao polepole sana, kama mtu anayechagua nyanya. Jua lilikuwa kali. Wa kwanza alimjua kwa kovu, wa pili kwa uti wa mgongo uliopinda, wa tatu, wa nne na wa tano kwa namna shingo ilivyokaa. Alipofika kwa wa sita hakuhitaji hata kutazama. Bega la kushoto lilikuwa chini ya la kulia kwa nusu inchi, kama alivyolipima akiwa binti, na hakuna mafuta yanayoweza kuficha bega. Alisimama hapo muda mrefu kuliko kote.

"Sema simo," alinong'ona Kapalata bila kugeuka. "Sema simo, Mwajabu, nami nitakufanyia chochote."

Mwajabu akarudi mbele ya meza.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema kwa sauti ambayo vipaza sauti viliipeleka mpaka barabarani, "nimeiangalia migongo yote. Hakuna ninaoutambua."

Uwanja ukaguna. Upande wa jua mwanamke mmoja alisonya kwa uchungu. Hakimu Chitemo akaandika, na akishaandika ilibidi atii alichoandika, kwa hiyo aliendelea:

"Mlalamikaji hakumtambua yeyote. Basi filamu ile haina mtu aliye uchi anayejulikana kwa sheria. Kama haina watu walio uchi, si filamu ya uchi. Na kama si filamu ya uchi..." alifungua kitabu, akakifunga, akakifungua, "...basi Mwajabu Ngwale alifungwa kwa kuonekana kwenye filamu ya afya akiwa amevaa. Hukumu ya mwaka ule inafutwa. Marufuku zake zote zinafutwa. Kitabu cha darasa la tatu kirekebishwe."

"Piga muhuri, Mheshimiwa," alisema Mwajabu.

"Nitapiga ofisini."

"Piga hapa."

Akapiga. Mwajabu akaichukua karatasi, akaisoma yote, akaikunja, akaitia kifuani. Kwenye mstari Kapalata alikuwa ameshasikia. Furaha ikampanda kichwani, akageuka kuwakabili wananchi, mikono juu, mbele ya kamera nne na watoto wa shule, akapaza sauti: "Nimeshinda! Taifa limeuona usafi wangu!"

"Nina swali moja dogo, Mheshimiwa Hakimu," alisema Mwajabu.

"Sema, Bi. Mwajabu."

Neno hilo lilimpitia mwilini, lakini hakusimama kulifurahia. Alinyoosha kidole.

"Yule bwana aliyesimama mbele ya watoto bila nguo ni nani?"

Bendi ilikatika katikati ya wimbo. Chitemo alitazama, akatazama kitabu, akatazama tena. Atakayeonekana na watu bila nguo mgongoni. Haitazami cheo. Haitazami sababu. Kulinganishwa si kosa, lakini kulinganishwa kulikwisha dakika tatu zilizopita, na kumeandikwa kuwa kumekwisha, kwa muhuri.

"Mahakama," alisema Chitemo, karibu alie, "inaona mtu. Na nyuma yake inaona wengine watano."

Kapalata bado alikuwa ameinua mikono. Ndipo kutoka upande wa jua, kutoka kwa yule mwanamke aliyesonya, ikaja sauti moja:

"Ukivuliwa nguo, chutama!"

Na uwanja mzima ukaipokea, watoto wakipeperusha vijibendera kwa sababu ndivyo walivyofundishwa: "Chu-ta-ma! Chu-ta-ma!" Waheshimiwa watano walichutama mara moja. Kapalata akatazama huku na huku akitafuta joho, na joho alikuwa amelikalia Mheshimiwa mwenzake wa Fedha, aliyekataa katakata kuinuka.

Askari wa Staha walikuja na pingu. Hapo hakimu akakumbuka kifungu cha arobaini. Kifungu hicho Kapalata alikiweka mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mlalamikaji katika karibu kesi zote, na alipenda kuombwa: mlalamikaji akisema neno moja tu, "nimesamehe", mshtakiwa huachiwa palepale.

"Bi. Mwajabu," alisema Chitemo kwa matumaini, "sheria inakuuliza."

Kelele zikakatika. Kapalata alikuwa ameshachutama sasa, mikono mbele, sura imesinyaa kama ya mtoto aliyenyang'anywa kitumbua. Akasogea kwa magoti mpaka karibu na kiti cha Mwajabu, aliyekuwa ameshaketi.

"Dada Mwajabu," alisema. "Tumekula sahani moja. Mimi nilimwita mama yako mama. Nisamehe. Wewe una moyo, nakujua."

Watu wakaanza kulainika, maana ndivyo tulivyo. Mzee akipiga magoti hata aliyeibiwa naye hutokwa na machozi. Mtangazaji wa redio alikuwa tayari anasema kwamba wananchi wanashuhudia busara ya kina mama. Mwajabu alimtazama mtu huyo magotini pake. Alijitazama na yeye mwenyewe ndani, kwa uaminifu, kama kuna kitu chochote kilichomwonea huruma. Hakukuta kitu.

"Mama yangu," alisema, "amelala kwenye sanda fupi. Miguu yake iko nje. Miaka thelathini na tisa naiona miguu hiyo kila ninapolala. Kusamehe najua, Yusto. Sitaki."

Kisha akamwomba askari aliyesimama mbele yake asogee kidogo kulia, maana alikuwa anamziba.